Usiuze Mpunga Kununua Usingizi

Mimi ni mama wa miaka 48, mama lishe hapa Igawa, wilaya ya Mbarali. Banda langu liko kando ya barabara kuu. Wateja wangu ni madereva wa malori ya Tunduma, utingo wao na wapita njia. Mume wangu analima mpunga. Watoto ni wanne, wa mwisho yuko kidato cha pili.

Shida yangu ni usingizi, mwezi wa saba sasa. Tangu mabasi yaanze kupita usiku biashara imekuwa ndefu, kwa hiyo binti yangu mkubwa ndiye anafunga banda na mimi napanda kitandani saa mbili na nusu ili niuwahi usingizi. Nagaragara mpaka saa nne ndipo unanichukua. Ikifika saa nane macho yanafunguka kabisa. Hapo nasikiliza malori yakipunguza gia, nawaza ada, nawaza marejesho ya kikoba, nashika simu nione ni saa ngapi, na nikishaishika naingia WhatsApp. Saa kumi na moja naamka kuwasha moto wa supu na chapati nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Mchana wateja wakipungua najilaza kwenye benchi, siku nyingine muda wa saa nzima, siku nyingine mbili. Usiku tena napandwa na joto la ghafla mpaka kanga inalowa. Nimejaribu Piriton, nimejaribu kikombe cha komoni. Vinanilaza upesi, halafu saa nane ni ileile.

Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam ameniambia kuna kambi ya siku saba Unguja, wanatumia Ayurveda, tiba ya Wahindi. Wanakukanda kwa mafuta, wanakumiminia mafuta kwenye paji la uso, wanakupa vyakula vya kusafisha mwili, na simu mnaacha getini. Amenitumia pia unga wa mizizi nichanganye na maziwa. Kambi hiyo pamoja na nauli ni kama magunia 15 ya mpunga. Mume wangu anasema huo ni wazimu, lakini hasemi nifanye nini. Shangazi, niuze?

Mama Macho Makavu, Igawa

*



Mpunga usiuze. Ila usimkasirikie mdogo wako, maana hajakosea kila kitu. Katika aliyokushauri yamo mazuri, na mengi kati ya hayo utayapata Igawa kwa bei ya chupa ya mafuta ya ufuta. Liko moja tu ambalo mafuta hayalitoi, na hilo itabidi ukakae na mume wako. Tutalifikia.

Tuanzie Rujewa, hospitali ya wilaya. Mwanamke wa miaka 48 anayelowesha kanga usiku huenda yumo katika kukoma hedhi. Homoni ya estrojeni inaposhuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili hushtuka kwa jambo dogo: inadhani umepata joto kali, inafungua jasho, na wewe unaamka. Hilo lina matibabu na halina aibu, lakini halipaswi kukisiwa na mwandishi wa gazeti. Jasho la usiku linaweza pia kuwa malaria, na wewe unaishi katikati ya mashamba ya maji. Linaweza kuwa kifua kikuu, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Waombe wakupime, waangalie na presha, sukari na wingi wa damu. Halafu mwambie daktari na lile ambalo kwenye barua hukuandika: je, mchana bado unacheka? Chakula kina ladha? Mtu anayeamka usiku wa manane miezi saba mfululizo, na vitu alivyovipenda havimvutii tena, anaweza kuwa na sonona, na sonona haitibiwi kwa maziwa.

Piriton iache. Ile ni dawa ya mafua na mzio, kusinzia ni madhara yake tu. Mwili huizoea baada ya siku chache, na kinachobaki ni uzito wa kichwa asubuhi. Wewe asubuhi unasimama juu ya karai la mafuta yanayochemka. Komoni nayo inafanya kazi moja ya mbele na kuharibu ya nyuma: inakuangusha haraka, kisha pombe ikishasagwa mwilini usingizi wa nusu ya pili ya usiku unavunjikavunjika. Ukitaka kujua kwa nini saa nane haikuhurumii hata siku uliyokunywa, sababu mojawapo ni hiyo. Na mtu asije akakuuzia Valium chini ya meza. Dawa ile inazoesha mwili, na kuiacha baadaye ni kazi kubwa kuliko kukosa usingizi.

Sasa Ayurveda. Ni elimu ya tiba ya India yenye miaka elfu mbili na zaidi. Kitabu chake kikubwa cha kale, Charaka Samhita, kinasema uhai umeegemea nguzo tatu: chakula, usingizi na kuzitawala tamaa. Mimi napenda mpangilio huo. Tiba inayouweka usingizi sambamba na chakula haiwezi kuwa ya kijinga, na ndiyo maana wenzetu wale waliupangia usingizi taratibu tangu asubuhi: uamke kabla jua halijatoka, ule mlo wa jioni mapema na uwe mwepesi, ujipake mafuta, ulale saa zilezile. Wala si kitu kigeni kama tangazo la kambi linavyotaka uamini. Majahazi ya kaskazi yalileta watu wa Gujarat pwani yetu karne nyingi kabla ya kambi hizo kujengwa, na iliki na zafarani ziliingia jikoni kwetu kwa njia hiyo ya bahari. Mama wa pwani aliyejifungua anakandwa siku arobaini na hakuna anayemwambia yuko kwenye kambi ya tiba. Shirika la Afya Duniani nalo lilianza mwaka 2022 kujenga kituo cha tiba asili cha kimataifa huko Jamnagar, Gujarat, ili haya mambo yapimwe na yasibaki kusifiwa tu.

Kinachokufaa wewe katika elimu hiyo ni miguu. Watu wa Ayurveda hukanda nyayo kwa mafuta ya vuguvugu kabla ya kulala, na kwa bahati watafiti wa Basel, Uswisi, waliandika mwaka 1999 katika jarida la Nature kwamba miguu yenye joto ni dalili nzuri ya mtu atakayelala upesi. Sababu yake haina uchawi. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo. Mishipa ya miguuni na mikononi ikifunguka, damu inabeba joto kutoka tumboni na kifuani hadi kwenye ngozi, na huko linapotea hewani. Miguu ikipashwa moto, kiwiliwili kinapoa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama saa nzima kabla ya kulala oga maji ya moto ya wastani, au kama joto la ghafla linakusumbua sana, weka miguu tu kwenye beseni kwa dakika kumi. Ifute. Chukua mafuta ya ufuta kijiko kimoja, yapashe yawe vuguvugu tu, kisha kanda nyayo na vifundo polepole kwa vidole gumba. Ufuta ukikosekana, ya nazi hayana ubaya. Futa mafuta yaliyobaki kabla hujasimama, sakafu ya saruji haina huruma. Shingo na kichwa acha vipoe, fungua dirisha kama lina nyavu. Na kama kuna mtu mwingine nyumbani mwenye vidole gumba, si dhambi kumwomba. Nimemtaja mume wako bila kumtaja.

Maziwa ya moto yenye iliki? Kunywa kama tumbo lako linayapenda. Ushahidi kwamba maziwa yanaleta usingizi ni mwembamba, lakini kikombe hicho kitakuwa kimechukua nafasi ya chai, na hapo ndipo faida yake ilipo. Mnaishi katikati ya Mufindi na Rungwe, chai nzuri ya nchi hii inatoka kulia na kushoto kwenu, na mama lishe hunywa bila kuhesabu kwa sababu birika liko mbele yake. Kafeini inakaa mwilini saa nyingi. Saa tano baada ya kunywa, kwa watu wengi, karibu nusu yake bado ipo. Kikombe chako cha mwisho kiwe saa sita mchana. Kungumanga, ambayo watu wa Ayurveda huipenda kwenye maziwa ya usiku, iwe chembe tu ya kutia harufu. Ikifika kama gramu tano, yaani vijiko viwili hivi vya chai, si kiungo tena. Imeshawapeleka watu hospitali wakiwa na mapigo ya moyo ya mbio na maruweruwe.

Kumiminiwa mafuta kwenye paji la uso nasikia ni raha. Majaribio yaliyofanywa ni madogo, na raha si jambo baya, lakini haifikii thamani ya magunia 15. Kwenye "kusafisha mwili" ndipo ninaposhika breki kabisa. Katika Ayurveda kamili usafishaji huo ni pamoja na kutapishwa, kuharishwa na kuingiziwa dawa kwa njia ya haja kubwa. Mtu ambaye hajapimwa presha wala figo hapaswi kuharishwa na mwenye kambi. Ini na figo zako zinasafisha usiku na mchana bila kudai nauli.

Unga nao hukuutaja jina. Katika unga wa Kihindi unaouzwa kwa ajili ya usingizi, wa kawaida ni ashwagandha. Yapo majaribio machache yanayoonyesha unasaidia kidogo. Zipo pia taarifa za watu walioumia ini kwa kuutumia, unaweza kuvuruga tezi ya shingoni, na Denmark iliupiga marufuku mwaka 2023. Lakini hata ungekuwa mzizi mtakatifu, hujui kilichosagwa pamoja nao. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda madukani Boston wakazipima: 14, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Hapa kwetu sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na dawa ya namna hiyo inapaswa kusajiliwa huko. Angalia pakiti. Kama haina namba ya usajili, haina jina la mtengenezaji, ina picha ya ua la yungiyungi tu, usiionje.

Usidhani nawasema Wahindi. Mwaka 2011 nchi hii ilijipanga foleni ya kilomita na kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mzizi cha shilingi 500, na wengine waliacha vidonge vyao nyumbani. Mzizi ule ulikuwa wa kwetu.

Niingie kwenye kambi yenyewe, maana hapo mdogo wako ana hoja kuliko anavyojua. Watu wanaokwenda kukaa porini au ufukweni wiki nzima kweli hulala vizuri. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwapeleka watu wanane milimani kukaa kwenye mahema kwa wiki moja, bila simu, bila hata tochi, usiku wana moto wa kuni tu. Waliporudi, saa ya ndani ya miili yao ilikuwa imesogea mbele karibu saa mbili, wakisinzia mapema na kuamka karibu na macheo. Hawakupakwa mafuta yoyote. Kilichobadilika ni mwanga: mchana walipata mwanga mara nne ya ule waliouzoea nyumbani, na usiku giza lilikuwa giza. Ubongo husoma mwanga unaoingia machoni, na kutokana na huo huamua lini umwage homoni ya usiku, melatonini.

Sasa jitazame. Saa kumi na moja uko chini ya bati, mbele ya moshi. Jua linapotoka unakaanga. Mchana kutwa uko kivulini. Usiku una taa ya banda, taa za malori, na saa nane una simu usoni. Umeishi kinyume cha hema la Colorado, na huna kosa, ndiyo kazi yako ilivyo. Ila dakika thelathini za nje kila asubuhi zinapatikana. Saa kumi na mbili na nusu, wateja wa kwanza wakishahudumiwa, mwachie binti mwiko utembee kuelekea Mto Mbarali na kurudi, uso wazi, bila mwavuli. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje unazidi mbali wa balbu. Hii ndiyo dawa ningekuuzia kama ningekuwa na kambi.

Na kabla hujadhani watu wa porini wanalala fofofo usiku kucha, sikiliza habari za Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi bila umeme. Mwaka 2015 zilichapishwa takwimu zao pamoja na za Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia: jamii hizo hulala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na huingia kulala saa tatu na zaidi baada ya jua kuzama. Mwaka 2017 utafiti mwingine ulifuatilia Wahadzabe 33 kwa siku 20. Katika siku hizo zote, dakika ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Mmoja anaamka kunyonyesha, mwingine anavuta tumbaku kidogo, mwingine anageuka na kusikiliza, kisha wanalala tena. Watafiti walidhani ndivyo binadamu alivyojilinda na simba kwa miaka mingi: usiku daima kuna sikio moja lililo macho.

Kwa hiyo kuamka saa nane, mwanangu, si ugonjwa. Wewe huna haja ya saa nane za usingizi zilizonyooka kama reli. Kinachokuumiza ni yanayofuata baada ya macho kufunguka: kutazama saa, kupiga hesabu ya saa zilizobaki, kuchungulia kikundi cha kikoba, na ile hofu ya kesho.

Hapa nitakupa tiba ambayo kambi nyingi haziuzi kwa sababu haipendezi kwenye picha. Unakaa kitandani kwa muda wa saa nane na nusu, unasinzia nne au tano, na benchi inakopesha mbili. Usingizi wako umetandazwa mno, inabidi ukunjwe. Mwanasaikolojia Richard Bootzin alianza kufundisha mwaka 1972 kwamba kitanda kisijulikane kwa kazi nyingine isipokuwa usingizi na mambo ya mume na mke, na mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake wakaonyesha kwamba ukipunguza muda wa kukaa kitandani, usingizi uliobaki unaungana. Mpaka leo madaktari wa usingizi huanza na njia hii kabla ya vidonge.

Kuanzia Jumatatu, usipande kitandani kabla ya saa nne na nusu usiku. Hata ukisinzia saa mbili, simama, osha vyombo, ongea na mwanao wa kidato cha pili. Kuamka ni saa kumi na moja, siku zote, Jumapili pia. Benchi ya mchana iwe dakika ishirini, kabla ya saa tisa, simu ikuamshe. Ukiamka usiku na usingizi usirudi kwa muda unaouhisi kama robo saa, bila kutazama saa, toka chumbani. Kaa sebuleni kwenye mwanga hafifu na kazi ya mikono isiyo na haraka, suka kikapu cha milulu kama unajua, chagua maharage kama hujui. Usianze kukanda unga wa chapati. Mwili ukijua kwamba saa nane kuna kazi, utakuamsha saa nane kwa uaminifu mpaka uzeeni. Macho yakiwa mazito rudi kitandani. Ada na kikoba vipe saa yake, saa kumi na mbili jioni, daftari na kalamu, andika unachodaiwa na utakachofanya kesho, funga daftari.

Wiki ya kwanza utanichukia. Utasinzia ukikata vitunguu, na siku hizo karai la mafuta alishike binti. Mtu mwenye kifafa, au aliyewahi kupata ugonjwa wa akili wa kupandwa na furaha kupita kiasi, asifanye hivi bila daktari, na dereva asifanye kabisa akiwa kazini. Wiki ya pili au ya tatu usingizi huanza kushikana. Ukiona sehemu kubwa ya muda wa kitandani umelala kweli, sogeza saa ya kulala iwe mapema kwa robo saa, ukae hapo wiki moja, kisha usogeze tena.

Kelele za barabara siwezi kuziondoa. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa kutembea saa 24, barabara hiyo imekosa usiku, na nafurahi kwa ajili ya biashara yako hata kama sifurahi kwa ajili ya masikio yako. Hamia chumba cha nyuma. Mngurumo wa mfululizo mtu huuzoea, kinachoamsha ni honi na breki za ghafla, na ukuta mmoja zaidi wa tofali unapunguza mengi. Dirishani weka vitenge viwili vizito. Chandarua kibaki palepale. Simu ilale sebuleni, na kengele ya kuamka nunua saa ndogo ya mezani, uso wake ugeukie ukutani.

Sasa lile la mume wako. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta saa moja ambayo si ya mtu mwingine. Saa kumi na moja ya madereva, mchana wa wateja, jioni ya watoto, saa nane ya kikoba. Unajua kambi ya Unguja inauza nini hasa? Siku saba ambazo mtu mwingine anapika. Anakuja na sinia, unakula, anaondoa vyombo, na hakuna anayekuita. Mafuta na harufu za viungo ni mapambo ya jambo hilo. Ndiyo maana wanaokwenda hulala, na ndiyo maana wengi wakirudi nyumbani usingizi huondoka tena kwa basi lilelile, kwa sababu nyumbani sinia linawasubiri wao.

Mume wako anayesema kambi ni wazimu yuko sahihi kwenye bei. Aambiwe basi, kwa heshima, kwamba akiokoa magunia 15 kuna mawili anayodaiwa. Uza hayo mawili tu, mlipe kijana au binti wa jirani awashe moto na kukanda chapati siku tatu kwa wiki, ili siku hizo uanze na matembezi ya Mto Mbarali badala ya jiko. Mkae kikao, yeye, wewe na binti mkubwa, mpange nani anafunga, nani anafungua. Msimu wa zamu za maji usiku mashambani unampa yeye udhuru. Miezi mingine haumpi. Na kama huyo bwana naye anakoroma kwa nguvu halafu pumzi inakatika na kurudi kwa mshtuko, mpeleke Rujewa siku hiyohiyo unayokwenda wewe, maana huo ni ugonjwa wa njia ya hewa na unapandisha presha.

Mapumziko porini sikukatazi. Nakukatazia ya Unguja wakati unaishi mguuni pa Kitulo. Watu wa huko waliiita Bustani ya Mungu kabla serikali haijaitangaza hifadhi ya taifa mwaka 2005: zaidi ya kilomita za mraba 400 za nyasi na maua, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na aina 45 za okidi, zile ambazo viazi vyake huchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kwa chikanda. Wazungu hulipa nauli ya ndege kuja kuona. Wewe panda gari mpaka Chimala, pale tafuta gari la Matamba, upande ule mlima wa kona hamsini na saba. Ukiwa na tumbo jepesi usile kitu kizito kabla. Lala usiku mbili kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni, simu iwe imezimwa. Maua yanakolea Desemba hadi Aprili, ila ndiyo miezi ya mvua na barabara huteleza. Juni na Julai anga ni safi na baridi inashuka mpaka kwenye umande wa barafu, beba sweta na soksi. Chumba baridi na blanketi zito ni rafiki wa mwanamke anayepandwa na joto la usiku.

Usiende ukitegemea kupona huko. Nenda baada ya wiki tatu za ratiba ile niliyokupa, na ukiwa kule ishike vilevile: kuamka saa kumi na moja, kutembea juani asubuhi, kulala saa nne na nusu.

Andika kila asubuhi kwenye karatasi ulilala saa ngapi kwa kukisia, uliamka mara ngapi, ulikunywa nini. Wiki sita zikipita bila nafuu, omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, uwape karatasi hizo. Ule unga ubebe pia waone lebo. Na mdogo wako mshukuru kwa kukujali, kisha mwambie likizo yake aje Igawa ashike mwiko siku utakazokuwa Matamba.

Shangazi